Kadi Iliyokuruhusu Kulia

Mwajaa, mwanangu,

Nakusalimu kwa kalamu ingawa uko chumba cha pili, na sauti yako naisikia ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unasema moja latosha. Simo katika ugomvi huo. Mambo ya mzigo, ya kukaa kiti cha dirishani, ya kutomwachia mtu begi lako hata akijiita mchungaji au shehe, mama yako ameshayasema, na kesho kituoni atayasema tena mpaka basi la Iringa liondoke. Mimi nimekaa na karatasi tangu niliporudi kuswali alasiri kwa sababu ya neno ulilolisema juzi tukiwa tunakula, nami nikajifanya natafuta mwiba kwenye samaki.

Ulisema, "Baba, huko chuoni sitaki mtu ajue. Nikifika nataka niwe mtu tu."

Mama yako akauliza, "Mtu tu ndiyo nani?" Akacheka, nawe ukacheka, na habari ikaishia hapo. Mimi sikucheka. Nilikuelewa kuliko unavyodhani, kwa kuwa na mimi nimewahi kutaka kuwa mtu tu.

Unajua kwamba nilitoka Pemba nikiwa kijana ambaye ndevu hazijakamilika. Sababu zake nimekusimulia vipande vipande, na vipande vyatosha. Nyumba ya baba yangu kule Wete ina watu wengine, na mikarafuu yetu inachumwa na mikono nisiyoijua. Ambacho sijakusimulia ni kwamba miaka yangu ya mwanzo hapa Tanga, mtu akiniuliza kwetu wapi, nilisema Pangani. Nilijitengenezea mtaa huko Pangani, na mjomba mwenye duka. Nilikuwa nimeanza kujifunza kujalidi vitabu pale Usagara, kwenye chumba cha kupiga chapa, nikishona kurasa na kuzitia majalada, na siku moja akaja mteja aliyetoka Pangani kweli. Akataka kujua mjomba wangu anaitwa nani. Nikataja jina.

"Mbona hatumjui?" akasema. "Pangani si kubwa hivyo."

Tajiri wangu, bila kuinua kichwa kwenye kazi yake, akamwambia, "Mwache huyo. Mpemba huyo, anaona haya tu."

Kumbe walijua tangu siku ya kwanza nilipofungua mdomo. Matamshi yangu yalikuwa yameshawaambia. Walikuwa wananiachia uongo wangu kwa adabu, kama unavyomwachia mgeni aliyevaa kanzu kinyume. Nilikuwa nimebeba mzigo mwaka mzima, na hakuna aliyenitwisha ila mimi.

Basi nikizungumza habari za kuficha, nazungumza kazi niliyoifanya kwa muda mrefu. Na kubwa kuliko yote niliyoyaficha ulikuwa wewe.

Kabla yako walikuwapo wawili, Khadija na Salim. Makaburi yao unayajua, tumekwenda pamoja. Wote wawili walianza vilevile: vidole kuvimba, macho kugeuka manjano, homa isiyosikia dawa. Walitibiwa homa kwa sababu homa ndiyo iliyoonekana. Hakuna aliyefika kumaliza mwaka wa pili. Watu walisema mengi, na sisi tukayasikiliza yote, maana aliyefiwa hana nguvu ya kuchagua maneno.

Ulipozaliwa wewe, bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, alikataa tukupe jina la mtu yeyote. Alisema mtoto huyu asijulikane kuwa ana mwenyewe. Mama yako alikwishakuhadithia kisa cha jaani, lakini amekuhadithia kwa kicheko, nami nataka ukisikie bila kicheko. Siku ya saba ulilazwa juu ya ungo, ungo ukapelekwa jaani nyuma ya nyumba, penye majivu na maganda ya mihogo. Tukakuacha pale. Tukageuka na kwenda zetu kama watu waliotupa taka, na tuliambiwa tusitazame nyuma. Mimi nilitazama. Ulikuwa unapiga miayo.

Ilipangwa apite jirani ambaye watoto wake wote wako hai, akuokote, uwe wake. Katika mtaa wetu wa Mabawa jirani wa namna hiyo alikuwa mmoja, Mama Nehemia, Mshambaa wa milimani, Mlutheri, muuza karoti na kabichi, mwenye watoto sita na hajazika hata mmoja. Bibi yako alikwenda kumwomba akiwa na wasiwasi, huyu si wa dini yetu, ataona tunafanya ushirikina.

Mama Nehemia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi mambo ya jaani sikuyasoma kwenye kipaimara, bibi. Lakini mtoto amelala chini, nimpite?"

Akaja akakuokota, akakupangusa majivu, akapiga ukelele wa kusikika na mtaa mzima: nani amemtupa mtoto mzuri namna hii? Mama yako ndani alikuwa ameziba masikio, maana hakutakiwa kusikia unasifiwa. Halafu Mama Nehemia akaja mlangoni kwetu na wewe kifuani. "Jirani, nisaidieni kunilelea mwanangu. Mimi kutwa niko sokoni." Tukakupokea kama watu wanaomsaidia jirani.

Tangu siku ile ulikuwa wake, na jina lako likawa Mwajaa, mtoto wa jaa. Ndiyo ilivyo desturi: wazazi wakane, wasimsifu mtoto, wasiseme "mwanangu" mbele za watu, ili kile kilichowafuata wa kwanza kisijue kuwa na huyu ni wao. Mtu akiuliza mtoto wa nani, tunasema wa Mama Nehemia. Mama Nehemia mwenyewe aliishika kazi hiyo kwa uzito kuliko sisi. Krismasi hata moja haikupita bila kukushonea gauni sawa na mabinti zake. Ulipoiba mapera ya mwalimu, yeye ndiye aliyekuchapa, akasema hataki mwanawe awe mwizi. Na wewe ulipoanza kusema uliniita Bwana Faki, kwa kuwa ndivyo ulivyosikia watu wakiniita. "Shikamoo, Bwana Faki." Kila asubuhi. Nami naitikia marahaba na kwenda kazini.

Utaniuliza kama niliamini. Mimi ni mtu wa vitabu, nimevishona na nyingi katika kurasa zake nimezisoma kabla ya wenyewe. Sikuamini. Lakini nilikuwa nimezika wawili, na mtu aliyezika wawili hajui tena kuamini sawasawa wala kukataa sawasawa. Nilijiambia desturi haigharimu kitu. Hapo ndipo nilipokosea, nawe ndiwe uliyelipa.

Maumivu yako yalianza mapema. Ulipokuwa mdogo ulilia kama watoto wote wanavyolia. Kisha ukaacha. Tulishukuru, tukadhani unapata nafuu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ulikuwa umejifunza kunyamaza kwa kututazama sisi. Ukilia, mama yako aliangalia mlango, mimi niliangalia mfuko wa shati. Tajiri alinilipa kwa kazi, kukiwa na vitabu ninalipwa, kusipokuwa na vitabu silipwi, na hospitali haikuwa mahali pa kwenda mpaka mtu awe amelala kabisa. Hatukuwahi kukwambia unyamaze. Hatukuhitaji. Mtoto husoma macho kabla ya herufi.

Asubuhi moja, ulikuwa hujaanza shule, nilikukuta umekaa umeegemea ukuta, miguu umeinyoosha, ncha ya kanga ya mama yako iko mdomoni, umeing'ata.

"Kuna nini?"

"Hakuna, Bwana Faki. Miguu inaongea tu."

"Inasema nini?"

"Inasema tusitembee leo."

Nilicheka. Niliona una maneno matamu. Nikavaa viatu nikaenda kazini, na siku ile nilishona vitabu vya hesabu vya shule moja ya bweni, vyote vikatoka vimenyooka. Nakumbuka hilo kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi: mkono wangu ulikuwa umetulia siku ile.

Ulikuwa darasa la tatu Mama Nehemia alipokuja jioni moja, hajavua hata kilemba cha sokoni. Alikuwa amesikia tangazo kanisani baada ya ibada.

"Bwana Faki, wanangu nimewakatia bima ya afya ya watoto. Amebaki Mwajaa."

Nikamwambia bima ni ya watu wa serikali.

"Hiyo ya zamani. Hii ni ya mtoto yeyote. Unalipa mara moja kwa mwaka, pesa ambayo hata mimi wa kabichi naiweza nikijikaza, mtoto akiugua anatibiwa kwa kadi. Si lazima uwe mwalimu wala askari."

"Hata Mwislamu?" nikamtania.

"Hata Mpemba."

Mama yako alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Mama Nehemia hakucheka. Alisema amekwenda kukuandikisha, na pesa ya kukulipia alikuwa nayo mkononi, wakataka cheti cha kuzaliwa. Akaenda kukuombea cheti kama mwanawe. Wakamwonyesha kuwa kadi yako ya kliniki aliyoipeleka ina jina la mama mwingine. Akawaeleza kuwa yeye alikuokota. Wakadhani anatania.

"Kwa hiyo uende wewe, Bwana Faki. Wanataka baba."

"Nitakwenda."

Sikwenda. Mama yako aliniuliza wiki hiyo, nikamwambia ofisi imefungwa. "Ofisi gani hufungwa Jumatano?" akasema, akaniacha. Aliniuliza tena na tena. Nilikuwa na majibu kama niliyokuwa nayo juu ya mjomba wa Pangani. Ukweli ni kwamba niliogopa ile sehemu ya jina la baba. Niliogopa kuwa siku mkono wangu utakapoliandika, mahali fulani patatangazwa kwamba Faki ana mtoto mwingine. Bima ilikuwa pale, nafuu, wazi, imeletwa mpaka mlangoni na mwanamke mwenye miguu yenye vumbi, na mimi mpenda vitabu niliiacha pale kwa miezi kwa sababu ya hofu ya jaani. Watu hudhani maskini hukosa vitu kwa kukosa pesa tu.

Kisha ikaja ile masika. Ulitoka shule umelowa, jioni ukawa unatetemeka, na baada ya magharibi ulikuwa huwezi kuvuta pumzi bila kushika kifua. Mama yako alikuwa Muheza kwa dada yake aliyejifungua. Nilikubeba mpaka kwenye bajaji. Hukulia. Ulisema tu, "Bwana Faki, leo maungo yote yanaongea."

Hospitali, muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi, mwenye sauti ya kuchoka. Wenzake walikuchukua hapohapo, wakakuwekea hewa na maji, hilo ni lazima niliseme, hawakungoja karatasi. Yeye akabaki nami.

"Anaitwa nani?"

"Mwajaa."

"Mwajaa nani?"

Nikatazama mlango walikokupitisha.

"Wewe nani wake?"

"Ninakaa naye."

"Wazazi wake wako wapi?"

Mwanangu, hapo ndipo palikuwa pa kusema. Lakini nilikuwa nimeona midomo yako ilivyokuwa, na hofu yangu haijawahi kuwa kubwa kama ilivyokuwa dakika ile. Nilijiona kama nikikutaja tu utachukuliwa mbele yangu. Nikasema nilichozoea kusema.

"Ameokotwa. Jaani."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Ameokotwa lini?"

"Siku ya saba."

"Na miaka yote hii hamkutoa taarifa polisi?"

Baada ya muda akaja kijana wa ustawi wa jamii, mtu wa bara, mstaarabu sana. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akaniomba nisiondoke. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto akipata nafuu watalazimika kumpeleka mahali pa salama wakati wanachunguza ametoka wapi. Alitumia maneno hayo, mahali pa salama. Nilikaa kwenye benchi. Neno moja lingekurudisha kwangu, na neno lenyewe ndilo nililolikimbia tangu uzaliwe. Kulisema niliona ni kukuua, kutolisema ni kukupoteza.

Mama Nehemia alifika na chupa ya uji. Yule kijana akamkabili.

"Mama, ni wewe uliyemwokota huyu mtoto?"

"Ndiyo mimi."

"Wapi?"

"Jaani kwao."

"Kwao kwa nani?"

"Kwa baba yake, huyu hapa."

Kijana akanitazama, akamtazama tena yeye. "Alimtupa?"

"Hakumtupa. Aliniwekea nimwokote."

Yule kijana alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nadhani hakufundishwa hilo chuoni. Mama Nehemia akanigeukia, na hakuwa na huruma hata kidogo usoni. "Bwana Faki, sema sasa. Mimi nimechoka kumzaa mtoto ambaye sikumzaa."

Nikaipokea chupa ya uji mkononi mwake, nikaikaza kifuniko. Ndipo akatoka daktari, binti kijana aliyenikumbusha Khadija, kama angeishi akakua, akiwa na majibu ya damu yako. Alisema ni selimundu, chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia, ndiyo maumivu, na sasa zimeziba kifuani. Akauliza kama katika familia wamewahi kufa watoto wadogo. Mama Nehemia akainua vidole viwili. Daktari akauliza wazazi ni akina nani, kijana wa ustawi akamwambia kuwa mtoto aliokotwa. Daktari akatikisa kichwa.

"Ugonjwa huu mtoto haokoti njiani. Anaupata kwa baba na kwa mama, nusu huku, nusu huku. Nataka kuzungumza na baba yake. Yuko wapi?"

Nilisimama. "Mimi. Ni mwanangu. Mimi ndiye baba yake."

Nikangoja. Sijui nilingoja nini. Feni ilizunguka. Mtu alipita akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Muuguzi akaokota kalamu yake, akasema, "Haya, Baba Mwajaa, njoo usaini," nami nikageuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayeitwa.

Kesho yake adhuhuri ulifumbua macho, ukasema una njaa.

Hivyo Khadija na Salim hawakuchukuliwa na jicho la mtu. Walichukuliwa na kitu kilichokuwa ndani ya damu yangu na ya mama yako, tuliwapa wenyewe bila kujua, na kingeweza kujulikana kwa tone moja la damu. Nililia sana kwa hilo. Lakini kulikuwa na faraja ya ajabu ndani yake. Nilikukana kwa midomo miaka yote, na kumbe kila mfupa wako ulikuwa unasema wewe ni wetu.

Cheti tulikipata. Karani aliuliza jina, bibi yako alikuwa bado hai, akataka sasa upewe jina zuri, Zuwena, au Maimuna. Wewe ukasema, "Mimi Mwajaa." Nikaandika Mwajaa, na mbele yake jina langu. Mama Nehemia alikataa nimrudishie pesa aliyokulipia mwaka ule wa kwanza. Alisema alimlipia mwanawe, nimwache na mambo yake.

Sasa nikueleze kwa nini nashukuru, maana hili hujalisikia kwangu kwa ukamilifu.

Watu wakisema bima, hufikiria dawa, na dawa ulizipata. Ulipata kliniki kila mwezi, ukapata daktari mmoja akujuaye, ukapata yale madonge ambayo yalifanya miguu isiongee mara kwa mara. Haikuwa pepo. Unakumbuka dirisha la dawa na yule kaka wa "hii haipo, mkanunue nje". Unakumbuka tulivyokuwa tunarudishwa kwa sababu mtandao umekatika, mama yako akimwambia karani kuwa mtandao wake una usingizi kuliko yeye. Yote hayo yalikuwapo, na kila mwaka ulipokaribia kuisha nilikuwa nashona hata vitabu vya wenzangu ili kadi isife. Lakini kitu kikubwa kilichoingia nyumbani kwetu na ile kadi hakikuwa dawa.

Mara ya kwanza maumivu yalipokushika baada ya kadi kutoka, uliingia pembeni kama desturi yako, ukachukua kanga, ukaing'ata. Mama yako akaivuta kutoka mdomoni mwako. "Toa. Kadi ipo. Lia."

Ulimtazama kama hukusikia. Ukanitazama mimi. Nadhani ulikuwa unatafuta nitaangalia wapi. Nikakuangalia wewe. Ndipo ukalia, mwanangu, ukalia kilio cha miaka yote, Mama Nehemia akatoka kwake mbio na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa. Tukakupeleka mapema, ukalala siku mbili badala ya kumi, ukarudi. Sijapata kusikia sauti iliyonifurahisha kama ile. Mtu mwenye uwezo hatanielewa. Mtoto wake hulia tangu azaliwe na haoni kuwa ni neema.

Nimewafikiria sana wale waliotulipia bila kutujua. Kila mzazi aliyemkatia mwanawe bima na mwanawe asiugue mwaka mzima, pesa yake ilikwenda mahali, na mahali pengine ilikuwa ni kwako. Wapo wauza machungwa wa Muheza ambao hawajui kuwa walikununulia hewa. Katika kazi yangu karatasi moja peke yake haishoneki, inachanika kwa uzi. Unazikunja kadhaa pamoja ndipo sindano ipate pa kushika. Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote nikiwa sijaielewa. Huwa nawaombea dua watu hao, nao wasijue wanaombewa nini.

Sasa nirudi kwenye neno lako la juzi.

Ulipotimiza miaka kumi na minane, kadi ya mtoto ilikwisha, na mwaka huu wote wa kungoja chuo tumeishi bila kadi. Tumejitahidi, dawa hazikukosekana kabisa. Lakini mwezi wa Ramadhani nilikuona umeegemea ukuta. Nikauliza, ukasema umechoka kwa kufunga. Siku ile hukuwa umefunga. Ule unyamavu umerudi, mwanangu, nami naujua mlio wake.

Chuoni kuna bima ya wanafunzi, nawe utaingia, hilo limenipa usingizi wa siku kadhaa. Kisha ukasema hutaki mtu ajue, usingizi ukaondoka. Kadi haimbebi mtu. Iringa kuna baridi ambayo damu yako haitaipenda, na siku ikikushika kifuani hutaweza kutembea hadi getini. Hapa nilikuwepo mimi na bajaji. Huko, kama hakuna ajuaye, watakuona umejifunika na kudhani umelala, wataenda darasani kwa kunyata ili wasikuamshe. Hiyo ndiyo picha ninayoiona tangu juzi. Watu wema, wanaonyata.

Sikuambii uwatangazie. Najua unachokikimbia. Namkumbuka yule mwalimu aliyekutoa kwenye mbio mbele ya darasa zima, na wale wasichana walioacha kukualika kwenye ngoma kwa kukuhurumia. Ulinieleza mwenyewe: ukisema unaumwa, watu huacha kukuona, wanauona ugonjwa. Ni kweli, na sina dawa ya hilo. Huna deni la kumweleza kila mtu habari za damu yako. Mimi namwomba Mungu akupe miezi ambayo hata wewe mwenyewe utausahau ugonjwa.

Naomba mtu mmoja tu. Asiwe yule atakayetoa machozi ukimweleza. Tafuta mkavu kidogo, mwenye maswali: inauma wapi, nifanye nini, kadi unaweka wapi. Mwonyeshe inapokaa. Mweleze kwamba ukisema "nimechoka tu" asikuamini. Halafu ukiumwa mwamshe, hata kama asubuhi ana mtihani. Atanuna, atatafuta viatu vyake gizani, na mtakwenda.

Nilikuficha kwa kukupenda, na nilikaribia kukupoteza kwa ajili hiyo. Wewe unataka kujificha kwa kutupenda sisi, ili tusisumbuke, na kwa kujipenda wewe, ili uishi kama wenzako. Sioni kosa katika kupenda huko. Nakwambia tu jinsi kwangu kulivyoishia kwenye benchi la hospitali.

Mama yako ananiita, chai imepoa mara mbili. Barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya vitabu, uisome ukishapita Morogoro, wakati huwezi tena kushuka kuja kubishana nami. Simu ya kusema umefika mpigie yeye. Mimi nipigie siku utakapokuwa na jina la mtu huyo, unitajie. Hata ikichukua mwezi, nitangoja.

Baba yako,
Faki